Ukuta unatoka chumvi na rangi inabanduka kila mwaka: tafuta kwanza maji yanaingilia wapi

Kila masika yakimalizika maduka ya vifaa vya ujenzi yanajaa watu, na wengi wao wanakwenda kununua rangi ileile walonunua mwaka jana kwa ukuta uleule. Rangi haina kosa jamani. Hapa kwetu Unguja na Pemba nyumba zinaliwa na maji na chumvi, na hivi viwili vinatembea pamoja, kwahiyo ukiona dalili yoyote katika hizi nilizoandika usikimbilie mwiko wala brashi, jiulize kwanza haya maji yameingilia wapi, mana ukishajua hapo kazi yenyewe mara nyingi ni ndogo na unaweza kuifanya mwenyewe bila ya kumsubiri fundi anaekwambia nakuja kesho.

Lisome doa kabla hujaligusa

Tazama doa liko wapi na linakuja lini. Likianzia sakafuni likapanda mpaka magotini au kiunoni, hayo ni maji ya ardhini yanapanda ukutani, na mara chache yanapita mita moja hivi. Likianzia juu likashuka, mtuhumiwa ni paa. Likiwa katikati ya ukuta peke yake, mvua inyeshe isinyeshe lipo, hapo kuna bomba ndani ya ukuta au kuna choo upande wa pili. Na ukiona ukungu mweusi kwenye pembe au nyuma ya kabati, afu ukikwangua plasta ndani yake kavu, hapo hapavuji kitu, ni mvuke wa chumba: watu wamelala wanne, nguo zimeanikwa ndani, dirisha halifunguliwi kwa kuogopa mbu. Dawa yake ni kusogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani, kutia wavu wa mbu dirishani na kuacha upepo upite, na ule ukungu uufute. Ile rangi ya bei mbaya wanayokwambia inazuia maji haitakusaidia kitu hapo.

Ukibaki na shaka, piga kipimo cha nailoni. Chukua kipande cha nailoni safi, sentimita 40 kwa 40 hivi, pangusa ukuta kwa brashi kavu, kibandike kwa tepu pana pande zote nne hewa isipite, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa baina ya nailoni na ukuta, unyevu umo ukutani. Yakiwa upande wa nje unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa. Hiki kipimo hakina gharama na kinakuokoa na mabishano mengi ndani ya nyumba.

Kwa bomba linalovuja kizani, funga mifereji (koki) yote na tazama mita, kama sindano inazunguka na hakuna anaetumia maji basi yanapotea mahala. Tatizo kwetu ni kuwa mitaa mingi maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, yanakuja kwa saa zake, sasa kipimo hiki ukifanye wakati maji yapo kwenye laini. Kwa wenye matangi ni hivi: usiku watu wakishalala funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, tumbukiza fimbo safi mpaka chini na uitie alama maji yalipofika, afu upime tena alfajiri kabla ya mtu yoyote kutawadha. Fimbo ikionesha yamepungua ujue una kazi. Anza na choo, mana boya na washa za sisteni ndo zinazovuja kimyakimya kuliko kitu chochote, na washa ni pesa ndogo tu dukani.

Ukigusa ukuta au mfereji ukasikia ganzi

Hapa hakuna ufundi wa nyumbani. Zima swichi kubwa, watoe watoto chumba hicho, usiguse tena mpaka aje fundi umeme mwenye leseni. Ukuta mbichi uliopitishiwa waya wa zamani ni hatari ya kweli, umeme wetu ni volti 230, na mtu aliekwenda pekupeku kwenye sakafu yenye maji hana kinga yoyote.

Lakini kama hakuna ganzi, ila ile breka kubwa inaanguka kila mvua ikinyesha, hilo unaweza kulichunguza. Shusha breka ndogo zote, pandisha kubwa, afu pandisha ndogo moja moja ukingojea kidogo baina yao. Ile inayoiangusha kubwa ndo yenye maji. Mara nyingi inakuwa ni taa ya nje barazani iliyopigwa na mvua, au soketi ya uani karibu na pampu. Iache imeshushwa, tumia nyumba bila ya hiyo mpaka itengenezwe. Usikubali mtu akwambie "hii breka mbovu tuitoe tuunge moja kwa moja", hiyo breka ndo inayokuacha hai.

Rangi inabanduka chini, unga mweupe unaanguka sakafuni

Hii ndo khasa iliyonifanya niandike, mana ndo ugonjwa wa nyumba nyingi kutoka Fuoni mpaka Wete, na dawa wanayoipa wengi ndo inayozidisha ugonjwa. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapita ukutani yakiwa na chumvi ndani yake, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kukua chini ya rangi mpaka inaisukuma rangi nje pamoja na plasta. Kwahiyo ukikwangua ukapiga praima na rangi mpya huku maji bado yanapanda, umeipa chumvi ngozi nyengine ya kubandua. Ukibandika vigae au ukapiga rangi ya mafuta ndo balaa, mana maji yakikosa pa kutokea hapo chini yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwakani doa lipo juu ya vigae.

Sasa yanatoka wapi? Toka nje uzunguke nyumba. Kitu cha kwanza tazama ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani au vipi. Mitaa yetu barabara inapandishwa kifusi kila baada ya miaka, watu wanamwaga zege uani juu ya zege la zamani, mwisho ukuta umezikwa nusu na hata kama fundi alitia nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi, ile nailoni sasa iko chini ya udongo haina kazi. Dawa yake ni jembe na koleo: chimba udongo uliegemea ukuta, ushuke chini ya sakafu ya ndani sentimita 15 hivi au zaidi, uweke mteremko maji yakimbie nyumba. Kazi ngumu lakini haina gharama, na mie naona ndo inayoponesha kuta nyingi kuliko dawa yoyote ya kopo.

Cha pili ni maji ya bati. Nyumba haina gata, mvua inamwagika chini ya ukuta inarudi kurukia plasta, utaona mstari wa matope umepigwa sentimita 30 au 40 kutoka chini. Tia gata, au kama pesa hamna tandaza kokoto kubwa pale maji yanapoangukia ili yasirukie, itapunguza.

Cha tatu ni bafu na jikoni, yaani viungo vya vigae vimefunguka na maji ya kuogea yanaingia chini kidogo kidogo. Ukigonga vigae vikalia utupu, hapo pameshaingia. Cha nne ni karo au chemba iliyo karibu na ukuta na imepasuka, hii utaijua kwa harufu.

Cha tano kinasikitisha: chumvi imejengewa humo humo. Mchanga wa pwani ukitiwa kwenye tofali na plasta, au zege likichanganywa na maji ya kisima ya maghadi kama ya visima vingi vya karibu na pwani, nyumba inakuwa na chumvi tokea siku ya kwanza. Dalili yake ni kuwa unga unatoka kila pahala, juu na chini, hata kuta za katikati ambazo hazioni mvua, na ukuta unalowa siku za hewa nzito hata kama hakuna mvua, kaskazi ikivuma unakauka. Sababu ni kwamba chumvi hii inavuta maji kutoka hewani. Hapa hamna cha kuziba. Unaondoa plasta yenye chumvi, unapiga nyengine safi, na unakubali kuwa tofali nazo zitaendelea kutoa kidogo kidogo.

Ukishazuia chanzo, ndo unagusa ukuta. Bandua plasta yote iliyokufa na uende juu ya mwisho wa doa sentimita 30 mpaka 50, usiwe bakhili hapo, mana chumvi imeshatangulia mbele ya doa. Vifusi vyake vitoe nje ya nyumba, usivifukie chini ya ukuta uleule. Afu piga brashi kavu, kavu nakwambia, usimwage maji kuosha, mana maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Zoa unga, ngojea siku kadhaa, piga brashi tena. Ukuta wa tofali uliolowa miaka haukauki kwa wiki, unataka miezi ya kaskazi, kwahiyo mwenye haraka ya kupiga rangi kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao bora atundike pazia. Plasta mpya tumia mchanga safi wa machimbo ulochekechwa, maji ya mfereji yasiyo ya maghadi, na saruji isizidi, ndoo moja ya saruji kwa nne au tano za mchanga inatosha kwa ukuta wa ndani. Na juu yake rangi ya maji ya kawaida inayopumua, rangi ya mafuta iache milangoni.

Kama nyumba ni ya mawe na chokaa

Hapa sheria zinabadilika kabisa na ndo watu wanapoua majumba. Nyumba za Mji Mkongwe, na nyingi za zamani Chake na Wete na mashamba, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wake mnene, laini, unakunywa maji na kuyatoa, kila siku, na ulikuwa unafanya hivyo miaka na miaka bila ya matatizo. Akija mtu akaupiga plasta ya saruji, saruji haipitishi mvuke kama chokaa, maji yakaingia kwenye nyufa yakashindwa kutoka, ukuta unaoza ndani umevaa kanzu safi. Dalili ni plasta inayolia utupu ukiigonga, afu siku moja inaanguka pande zima na imechukua na jiwe.

Kwa nyumba hizi tumia chokaa. Ndoo moja ya chokaa iliyokwisha kurowekwa kwa tatu za mchanga safi wenye chenga kubwa na ndogo mchanganyiko. Ukuta uloweshe kidogo kabla, piga tabaka nyembamba isizidi sentimita moja, ingojee ikaze, piga nyengine. Chokaa inakaza kwa kuvuta hewa taratibu, haina mbio za saruji, jua kali likiipiga inapasuka na kutoka unga, kwahiyo tundika magunia mabichi mbele yake siku za mwanzo. Mwisho ipake maji ya chokaa mara nne tano, nyepesi nyepesi, kila moja ikikauka ndo unaongeza. Watu wanapenda kupaka nzito mara moja wamalize, hiyo itabanduka.

Na tahadhari, chokaa mbichi ya tanuu ukiitia maji inachemka kweli kweli na inaunguza. Wewe ndo unaeitia kwenye maji kidogo kidogo, usiimwagie maji juu, vaa miwani na glavu, watoto wasiwepo. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi safi muda mrefu na nenda hospitali, usingoje uone kama itapoa.

Boriti nazo zitazame ukiwa hapo. Kichwa cha boriti kilichoingia kwenye ukuta mbichi ndo kinachooza kwanza, katikati inaweza kuwa nzima. Choma na bisbisi pale inapoingia ukutani, ikizama kirahisi au ikatoka unga wa mchwa, simama. Vivyo hivyo ukiona ukuta umefura tumbo, au ufa wa mshazari unaoingia kidole, au ufa mdogo uliotia alama ya penseli kwenye ncha zake na baada ya wiki kadhaa umeipita alama. Hizo si kazi za mwisho wa wiki. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tokea mwaka 2000, na kabla ya kugusa boriti, ukuta, dirisha au mlango wa nje unatakiwa uombe kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nenda waulize mapema, mana wao ndo watakaokwambia pia mafundi gani bado wanaijua chokaa.

Darini panatona

Kwenye bati, tone linapoangukia sipo lilipoingilia. Maji yanaingia juu, yanatembea na mbao, yanaanguka mbali. Panda darini kwa ndani mchana wakati jua kali, funga mlango kizani, utaona vitundu vinang'ara. Vitie alama kwa chaki, pima umbali kutoka kwenye kofia ya paa na kutoka ukutani, ndo utoke nje.

Sababu nyingi ni misumari. Imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, au mipira yake imekufa kwa jua, au imelegea upepo unaiinua. Ing'oe, utie skrubu za bati zenye washa za mpira, nene kidogo kuliko msumari wa mwanzo, na tundu lililohama lizibe kwa silikoni ya nje. Bati lililotoboka kwa kutu pahala pamoja unaweza kulitia kiraka cha tepu ya lami baada ya kulisugua na kulikausha, lakini kwa nyumba za pwani kama Jambiani au Nungwi chumvi ya upepo ikishaanza kula shiti moja zilobaki ziko njiani. Panda asubuhi bati halijawa moto na halina umande, kanyaga penye mbao tu au weka ubao mrefu, na usipande peke yako. Ndani ya gata toa majani ya mwembe kabla ya masika na kabla ya vuli, mana gata likiziba maji yanarudi nyuma chini ya bati na utatafuta tundu ambalo halipo.

Paa la zege la bapa ni mambo mengine. Tazama saa moja baada ya mvua kukatika, penye dimbwi ndo penye mgonjwa. Zibua mdomo wa bomba la kutolea maji kwanza, nimeona watu wananunua madawa ya kupaka paa zima na bomba limezibwa na mfuko wa plastiki. Paa la zamani la chokaa na boriti usilijaze maji kulijaribu hata siku moja, sentimita 5 za maji ni kilo 50 kila mita ya mraba, na boriti zako hujui zina hali gani.

Zege linapasuka mstari mnyoofu na kutoka rangi ya kutu

Hiyo ni nondo ndani imeota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, ndo inalipasua zege kutoka ndani. Chumvi tena. Ama ilikuja na mchanga, ama imeingia na upepo wa bahari kwa sababu nondo ilikaa karibu mno na uso, wakati kwa pwani inatakiwa ifunikwe kwa zege la sentimita 4 au 5. Kipande kidogo cha linta au nguzo ya uzio unaweza kukifanya: chimba mpaka nyuma ya nondo, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are, paka rangi ya kuzuia kutu, jaza kwa saruji maalum ya kukarabatia. Kusiliba juu juu kunaficha tu. Baraza ya juu, boriti ya zege, ngazi, hizo usiguse, mwite injinia na usiwaache watu wakae chini yake.

Mlango unakataa kufunga

Wakati wa masika mbao zinakunywa hewa zinafura, usikimbilie randa, mana ukiuranda mwezi wa nne, mwezi wa kwanza utakuwa na upenyo wa kupita panya. Kaza skrubu za bawaba ya juu kwanza, mara nyingi ni hiyo imelegea mlango ukainama. Sugua sabuni kavu panapogusa. Kiangazi kikija uvue, upake vanishi ncha ya juu na ya chini ambazo mafundi hawazipaki kwa sababu hazionekani, na ndo mdomo wa maji ulipo.

Umefanya yote na doa limerudi

Basi kuna uwezekano mkubwa maji si yako. Mitaa ya Kiponda na Malindi na hata flati za Michenzani ukuta au dari ni ya watu wawili, bafu la jirani liko juu ya kitanda chako. Nenda kwa adabu, salamu kwanza, usiende na hasira na plasta mkononi. Muombe asitumie bafu lile siku mbili tatu kama analo jengine, uone doa linafifia au vipi. Kama hana, muombe atie rangi ya chakula nyekundu kwenye maji ya sisteni, na siku nyengine kwenye maji yanayokwenda kwenye tundu la bafu, usichanganye zote siku moja mana hutojua ipi imetoka. Ikitokea kwako, piga picha kabla hujafuta, muite aje aone kwa macho yake, afu ndo mzungumze nani ananunua vigae na nani anamlipa fundi.